Ukoo Wetu: Jumapili jioni

*Shangazi Rehema:* Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Isaya 5:20, ole wao wasemao kwamba uovu ni wema, na kwamba wema ni uovu. Jumapili ya tatu hii kuna mtu simwoni ibadani. Mwenye masikio na asikie.

*Neema:* Shikamoo shangazi. Huyo mtu ni mimi 🙂

*Shangazi Rehema:* Marahaba. Sikutaja jina.

*Joeli:* 🙈

*Neema:* Nilikuwa kwa yule mama jirani aliyepooza. Binti yake yuko zamu Jumapili asubuhi, hakuna wa kumgeuza. Akilalia upande mmoja muda mrefu anachubuka. Kidonda cha nyongani kimeanza kufunga juzi tu.

*Shangazi Rehema:* Si wale wa dhehebu lile? Mzee wa kanisa kaniuliza, nikamwambia mtoto amepoa. Ibilisi haji na mapembe, anakuja na shughuli nzurinzuri.

*Baba Mdogo Tito:* Shikamoo dada. Isaya 5 isome yote. Aya ya 8 ni wanaounga nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba, wengine wakose pa kukaa. Aya ya 23 ni wala rushwa wanaomnyima mwenye haki haki yake. Binti anayemgeuza mgonjwa sijamwona humo.

*Shangazi Rehema:* Neno ni Neno, Tito.

*Baba Mdogo Tito:* Haya, Yohana 9. Kipofu tangu kuzaliwa, hajawahi kuona hata uso wa mamaye, Yesu kampaka tope machoni, leo anaona. Kapelekwa kwa Mafarisayo, wao wameshika nini? Tope! Nani kafanya tope siku ya sabato. Wakaita wazazi, wazazi wakaogopa kutengwa na sinagogi, wakasema muulizeni mwenyewe ni mtu mzima. Mwisho wakamfukuza. Sura nzima hakuna aliyempa hata hongera.

*Joeli:* Kapona, kafukuzwa 😅

*Baba Mdogo Tito:* Na hawakuwa wahuni. Watu wa kufunga, zaka wanatoa mpaka ya mnanaa. Ndiyo maana mimi mwenyewe naogopa. Yesu hakuwalaumu kwa upofu, aliwashika pale waliposema "twaona".

*Mama Neema:* Hata ile dhambi isiyosameheka watu wanayoiogopa, Marko 3:30 anatoa sababu. Watu wanafunguliwa, waandishi wanasema Yesu ana pepo mchafu.

*Shangazi Rehema:* Kwa hiyo mimi namkufuru Roho Mtakatifu?

*Mama Neema:* La wifi! Sijasema hivyo.

*Baba Mdogo Tito:* Shemeji, hapo umekwenda mbali kidogo.

*Shangazi Rehema:* _Ujumbe huu umefutwa_

*Joeli:* Shangazi umefuta nini 👀

*Shangazi Rehema:* Joeli kalale. Na Waebrania 10:25 je, tusiache kukusanyika? Hiyo mbona hamuisomi?

*Baba Mdogo Tito:* Hiyo imo dada. Sikupingi.

*Neema:* Natamani kuja, shangazi. Sina wa kupokezana naye.

*Shangazi Rehema:* Ni mzito?

*Neema:* Si sana. Ila anataka watu wawili, mmoja avute shuka.

*Shangazi Rehema:* Ibada ya kwanza inatoka saa tatu.

*Neema:* Namgeuza saa nne.

*Shangazi Rehema:* Bado nataka nikuone kanisani. Nyumba yao ni ipi?

*Neema:* Ile unayoipita ukienda ibadani.