Mama siku ya tatu baada ya operesheni hajatoa upepo, ni kawaida?

bintShela
Asalaam alaykum, msinicheke kwa hiyo hedingi. Mamangu kapasuliwa kidole tumbo Jumatatu hapa Lamu, kilikuwa kishapasukia ndani, operesheni salama alhamdulillah ila tangu hapo tumbo limejaa kama ngoma, choo hamna, anatapika maji ya kijani. Daktari kasema ni ileusi yaani matumbo yamelala, katiwa mpira wa puani na dripu basi, hata tone la maji hapewi. Kila asubuhi nesi amuuliza "mama, umejamba?" mbele ya mkwewe, maskini ajifunika leso mpaka machoni 😭 Sasa khalati kaja na mashua na thamosi ya sanamaki, ile dawa ya majani ya kuharisha, asema kikombe kimoja tu. Nimpe? Kumkataza naona haya.

nesi_mstaafu_MLD
Usimpe mwanangu. Utumbo ukishikwashikwa kwa operesheni huzimia halafu huamka kwa zamu, mwembamba kama siku moja hivi, mfuko wa chakula siku 1 hadi 2, utumbo mpana ndio mvivu, siku 2 mpaka 3, na palipokuwa na usaha hukawia zaidi. Sanamaki yausukuma kwa nguvu na kama kuna mahali pamejifunga waweza kupasuka. Tena chochote anywacho saa hii kitarudi, kikiingia mapafuni ni balaa jingine.

Wewe uliza kama wamempima potasiamu, ile chumvi ya damuni, maana anayetapika huipoteza na ikishuka utumbo hauna nguvu, huwekwa ndani ya dripu polepole, haipigwi sindano ya haraka kwa sababu ya moyo. Na dawa ya maumivu ni ipi? Mofini na jamaa zake hulaza utumbo, pengine daktari atampunguzia ampe parasetamoli zaidi. Halafu mumtembeze!!

Nahodha wa Amu
Sanamaki sawa muache, lakini mafuta ya mbarika? Wazee wetu wote wametumia.

nesi_mstaafu_MLD
Nahodha, mbarika ni ya aliyefunga choo. Huyu injini imezima, wewe wataka kumwaga mafuta kwenye tangi. bintShela akishikwa na homa, au tumbo likawa gumu kama ubao, au maumivu ya kukata yanayokuja na kuondoka, ita daktari hapo hapo, wampige eksirei waone kama njia imeziba kweli maana hapo huenda akarudi thieta.

kijana_wa_Mokowe
Mie nilipopasuliwa niliambiwa nitafune bigijii, eti utumbo hudhani chakula chaja unaanza kujisogeza. Nikaona ni mzaha kumbe kweli wanatumia. Ila mama ana mpira puani, muulize daktari kwanza.

bintShela
Nawarudishia habari. Khalati nilimwambia daktari kakataza, akanuna, akasema basi isimwagike bure akainywa mwenyewe, usiku kucha ni yeye na choo 😂 Mama potasiamu ilikuwa chini kweli, wakamtilia kwenye dripu. Jana na juzi tumemtembeza mpaka kwenye mwarobaini wa uani, mimi nimeshika chupa ya dripu juu kama bendera. Leo alfajiri, nesi hata hajauliza, likatoka lenyewe, wadi nzima tukasema alhamdulillah na mama akacheka mpaka akashika mshono. Mpira umetolewa, anapewa maji vijiko vijiko.

Sasa ataka mkate wa mofa.

nesi_mstaafu_MLD
Mwambie uji mwepesi kwanza, mofa siku daktari akiruhusu. Na khalati anywe maji mengi.