Baba anayevua usiku na mtoto asiyemzoea

Mvuvi wa Kibirizi:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kigoma. Wakati wa giza, yaani siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, huingia ziwani jioni, nikarudi alfajiri na kulala hadi alasiri. Binti yangu ana mwaka 1 na miezi 8, na nikimbeba hulia akimtaka mama yake. Kaka yake alikuwa na umri kama huo ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, nikashinda naye nyumbani, na mpaka leo haniachi. Tena naungama kwamba tangu azaliwe huyu binti nimekuwa mkali na mzito wa moyo, hata chakula hakina ladha. Je, ukaribu wa baba una uzito katika umri huu, au nisubiri akue?

Muuguzi, Ujiji:
Kaka, usisubiri. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa mno katika miaka 3 ya mwanzo, na haukuzwi na lishe peke yake: mtoto anapotoa sauti akajibiwa, au anaponyoosha kidole akatajiwa jina la kitu, hapo ndipo anapojifunza. Hayo ndiyo malezi yenye mwitikio, ambayo ni sehemu ya programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, na baba anayaweza sawa na mama. Kilio cha binti yako si kukukataa, anamshika aliyemzoea.

Kilichonigusa zaidi ni huo uzito wa moyo. Sonona wakati wa ujauzito na baada ya mtoto kuzaliwa huwapata akina baba pia, takribani 1 kati ya 10, kwa mujibu wa uchambuzi wa tafiti 43 uliochapishwa mwaka 2010. Utafiti wa eneo la Bristol, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba watoto ambao baba zao walikuwa na sonona wiki 8 baada ya uzazi walikuwa na matatizo zaidi ya hisia na tabia walipofikisha miaka 3 na nusu, hata hali ya mama ilipozingatiwa. Tafadhali nenda kituo cha afya, ueleze kama ulivyoeleza hapa.

Mama wa watatu, Tabora:
Shemeji, mume wangu hukaa Urambo msimu wa tumbaku, na aliporudi mtoto alimlilia vivyo hivyo. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa kila kilio kilipoanza nilikuja kumpokonya. Tulikubaliana kwamba akiwapo, kumwogesha mtoto ni kazi yake, nami nikae uani nisiingie. Siku za kwanza zilikuwa ngumu, lakini baadaye mtoto mwenyewe alimpelekea beseni.

Mvuvi wa Kibirizi:
Nashukuru, dada zangu. Mbalamwezi inakaribia, hivyo nitakuwa nyumbani. Kumwogesha nitaanza kesho alasiri. Kituo cha afya nitakwenda Jumatatu. Je, niende na mama yake?

Muuguzi, Ujiji:
Nenda naye ikiwa umeshamweleza. Kama bado, mweleze leo.