Soko la wakulima mjini: nitajuaje muuzaji ni mkulima kweli?

kapu_tupu: Wadau habari zenu, nataka nianze kununua mboga na matunda soko la wakulima badala ya supamaketi, hela iende kwa wenyewe, ila nasikia wengine wananunua mzigo wa jumla halafu wanajiita wakulima. Nawajuaje?

bibi_shamba: Muulize alivuna lini na wiki ijayo ataleta nini. Mkulima hapo atakupigia stori mpaka uchoke, mchuuzi ataanza kuzungukazunguka. Halafu ukiona meza ina kila kitu na msimu wake bado, matunda saizi moja yana vistika, huo mzigo umetoka godauni.

mzee_wa_chenji: Kwani mchuuzi si naye biashara ya hapa hapa jamani? Shida ni kudanganya tu.

mamantilie_mstaafu: Asubuhi unapata chaguo, wakikaribia kufunga unapata bei, maana mboga za majani hakuna anayependa kurudi nazo. Chungulia pale shina lilipokatwa, likishakauka na kuwa kahawia hiyo imelala. Na beba hela ndogondogo, sio wote wana mashine ya kadi.

kapu_tupu: Asanteni, hilo la shina sikulijua kabisa. Na kuomba kupunguziwa, mkulima hakasiriki?

bibi_shamba: Ukichukua nyingi atakuongezea mwenyewe.