Seva inakataa watumiaji: wengine wanaingia, wengine hapana. Naombeni msaada wakuu

Mtunza_Seva
Wakuu habari za jioni. Nina seva ya Ubuntu 22.04 tuliyoikodi, wafanyakazi wanaitumia kupandisha ripoti za mauzo kwa SFTP (njia salama ya kutuma mafaili), wengi kupitia programu ya WinSCP. Aliyeiunda kaacha kazi, kaniachia ufunguo wa kuingilia (faili la siri linalotumika badala ya paswedi) na maelezo ya nusu ukurasa. Tangu tuhamishiwe mashine mpya, watu wa stoo wanakataliwa kabla hata ya kuulizwa paswedi. Wanaambiwa "No supported authentication methods available", chini yake "server sent: publickey".

Nimefungua /etc/ssh/sshd_config, nikaenda kwenye PasswordAuthentication, nikaweka yes, nikairistati huduma. Wapi! Nimewabadilishia wote paswedi, hali ni ile ile.

Kinachonichanganya zaidi ni mhasibu. Yeye hatumii paswedi, ana ufunguo kama mimi, na bado anakataliwa. Mimi naingia bila shida. Kama tatizo ni la seva, mbona mimi halinigusi?

Mchapakazi_Kweli
Ruhusa hizo mkuu. Piga chmod -R 777 /home kila mtu aandike popote humo, weka PermitRootLogin yes, wape wote root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) maisha yaendelee.

DadaMtandao
@Mchapakazi_Kweli acha kumpoteza mwenzio bwana. Ushauri huo unaweza kumfungia nje hata anayeingia sasa hivi.

Mleta mada, usibadilishe kitu kingine kwanza. Anayekataliwa haambiwi sababu kamili, makusudi kabisa, kwa kuwa seva haijui kama ni mfanyakazi au mwizi anayebahatisha majina. Sababu inaandikwa ndani. Fungua dirisha moja, piga `sudo tail -f /var/log/auth.log`, kisha mpigie mhasibu ajaribu kuingia huku unatazama. Halafu piga `sudo sshd -T | grep -i passwordauth` utuletee majibu. Hiyo inaonyesha mpangilio ambao sshd, programu ya seva inayopokea wanaoingia, anaufuata kweli, maana ulichoandika kwenye faili kinaweza kuwa kingine kabisa.

Na hilo dirisha ulilokwisha kuingia nalo usilifunge hadi mambo yakae sawa. Ukiristati ssh, aliyemo ndani hatolewi. Ukilifunga na mpangilio una kosa, utabaki kuomba konsoli kwa mtoa huduma usiku wa manane.

Mtunza_Seva
Asante dada. Mhasibu alipojaribu ilitoka hii:

`Authentication refused: bad ownership or modes for directory /home/mhasibu`

Na ile amri ya pili imejibu `passwordauthentication no`. Nimerudi kwenye faili, yes yangu ipo pale pale! Sasa hii no inatoka wapi?

Bwana_Terminali
Una matatizo mawili yasiyohusiana, ndiyo maana yanakuzungusha. Nianze na hiyo no. Angalia juu kabisa ya sshd_config, kuna mstari wa Include unaosoma /etc/ssh/sshd_config.d/*.conf. Sshd huchukua thamani ya kwanza anayokutana nayo, zinazofuata anazipita. Kwa hiyo faili la humo ndani likishasema no, yes yako ya huko chini haina kazi. Programu nyingi huenda kinyume, wa mwisho ndiye anayeshinda, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Piga `sudo grep -ri passwordauth /etc/ssh/`. Nahisi utakuta 50-cloud-init.conf, huandikwa wakati mashine mpya inaundwa. Usilihariri hilo. Tengeneza lako, liite 10-ofisi.conf, litasomwa kabla yake.

Mhasibu ni habari nyingine. Folda lake la nyumbani liko wazi kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kuandika humo. Anayeweza kuandika humo anaweza kupachika ufunguo wake, basi sshd anakataa kuuamini ufunguo wowote wa folda hilo. Kanuni hiyo inaitwa StrictModes na huja ikiwa imewashwa. Tafadhali usiizime. Rekebisha hivi:

`sudo chmod go-w /home/mhasibu`
`sudo chmod 700 /home/mhasibu/.ssh`
`sudo chmod 600 /home/mhasibu/.ssh/authorized_keys`

Wewe unaingia kwa ufunguo na folda lako halijaguswa, ndiyo maana yote mawili yamekupita.

Mtunza_Seva
Mhasibu kaingia! Nimeangalia historia ya amri, aliyetuhamishia mafaili alipiga chmod 777 kwenye folda lake. Na kweli no ilikuwa kwenye 50-cloud-init.conf. Niwashe paswedi sasa?

Bwana_Terminali
Ingekuwa mimi, hapana. Seva iliyo wazi kwenye intaneti inabahatishwa paswedi na roboti mchana na usiku, utaliona hilo kwenye auth.log yako. Kama ofisi ina IP isiyobadilika, ruhusu paswedi kwa kundi la stoo kutoka anwani hiyo tu, kwa mistari ya Match Group na Address kwenye mpangilio wa sshd.

Mtunza_Seva
Tunatumia ruta ya laini ya simu, IP inabadilika kila mara. Nikiweka fail2ban, ile programu ya kufungia wanaokosea paswedi, je?

DadaMtandao
Weka, ila jua inavyofanya kazi. Kwa kawaida yake, makosa 5 kutoka IP moja yanafungia IP hiyo dakika 10. Ofisi nzima mnatoka nje kwa IP moja, kwa hiyo mtu wa stoo akikosea paswedi asubuhi, mnafungiwa wote na mhasibu wako akiwemo, na mtaona "Connection refused" badala ya kukataliwa paswedi. Utafungua uzi mwingine hapa. Watengenezee stoo funguo, ni kazi ya mchana mmoja.

Mtunza_Seva
Nimewapa funguo. Sasa auth.log inasema "Accepted publickey", halafu papo hapo wanatupwa nje:

`fatal: bad ownership or modes for chroot directory "/srv/ripoti"`

Bwana_Terminali
Hapo wameshaingia, wanazuiwa kwenye folda walilofungiwa. Folda hilo, ndilo la ChrootDirectory, na yote yaliyo juu yake hadi /, lazima liwe la root na asiandike mwingine yeyote. Piga `chown root:root /srv/ripoti` na `chmod 755 /srv/ripoti`, kisha ndani yake tengeneza folda la kupandishia, hilo ndilo uwape kundi la stoo.

Mtunza_Seva
Wote wameingia isipokuwa mmoja mwenye kompyuta ya zamani. Logi inataja PubkeyAcceptedAlgorithms.

DadaMtandao
WinSCP yake ni ya kale. Tangu OpenSSH (programu yenye huyo sshd) 8.8 ya mwaka 2021, sahihi za ssh-rsa za SHA-1, mbinu ya zamani ya kuthibitisha ufunguo, hazikubaliwi bila kuziruhusu, na Ubuntu 22.04 ina 8.9. Ufunguo wake wa RSA hauna tatizo, msasishie programu tu. Usiende kulegeza seva kwa ajili ya kompyuta moja.

Mchapakazi_Kweli
Sawa, ila ile 777 yangu ingemaliza mapema.

DadaMtandao
Ingemaliza seva.