Jenereta ya dizeli mwaloni: moshi unaingia kwa jirani, nifanyeje?

Mwanakisiwa: Habari zenu wakuu. Niko kisiwa kimoja huku Ukerewe, gridi haijatufikia. Nina jenereta ya dizeli ya kilowati 5, naiwasha saa 12 jioni hadi saa 5 usiku: friza mbili za samaki, kinyozi, banda la mpira, taa za majirani na kuchaji simu. Inakula lita 5 kwa usiku. Wiki iliyopita mama wa nyumba ya pili aliniita akanionyesha chandarua cha mwanawe. Upande wa dirishani kimekuwa cha kijivu, ukipitisha kidole kinatoka na masizi. Mtoto ana miezi 7 na anakohoa. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Tena oili chafu nimekuwa naimwaga nyuma ya banda, mvua ikinyesha naona utando wa mafuta unateremka ziwani, pale pale tunapochota maji. Kuzima siwezi, samaki wa watu wataoza. Naombeni ushauri.

Fundi Mashine: Pole mkuu. Umewahi kupima mzigo, yaani umeme unaotumika kwa wakati mmoja?

Mwanakisiwa: Fundi alipima kwa klampu (kipimo cha umeme kinachobana waya), kilowati 1.4.

Fundi Mashine: Tatizo ndilo hilo. Mashine ya kilowati 5 ukiibebesha 1.4 haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote. Nyingine inatoka na moshi, nyingine inaganda kwenye ekzosi kama lami. Na hela inapotea: kilowati 1.4 kwa saa 5 ni uniti 7, na lita 5 kwa uniti 7 ni lita 0.7 kila uniti, wakati mashine yenye mzigo mzuri hutumia 0.4 hivi. Safisha filta ya hewa, nozeli za kupulizia dizeli zipimwe, bomba la moshi lipite paa.

Sola Visiwani: Bomba refu litampelekea moshi jirani wa tatu. Tafuta betri na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa jenereta) yenye chaja. Jenereta iwake kwa muda wa saa mbili tu, ibebe friza na kuchaji betri kwa mpigo, mzigo ufike kilowati 3 na nusu, kisha watu watumie betri. Lita 3 hivi zitatosha. Paneli utaongeza kidogo kidogo. Gharama ya kuanzia inauma, sikufichi.

Nesi wa Zahanati: Huyo mtoto asisubiri betri, kaka yangu. Apelekwe akasikilizwe kifua, na jenereta ihame kesho. Angalia upepo: jioni hutoka ziwani, usiku ukikolea hugeuka. Usiifungie chumbani, kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Moshi wa dizeli WHO kupitia taasisi yake ya saratani iliutaja tangu 2012 kuwa unasababisha saratani kwa binadamu.

Fundi Mashine: Na ule udongo uliolowa oili uchimbe wote, uuweke kwenye pipa lenye mfuniko kabla ya masika.

Mwanakisiwa: Asanteni sana. Leo tumeihamishia upande wa pili wa mwalo, mbali na nyumba. Ekzosi tumeifungua, masizi tuliyokwangua yamejaa kikombe cha chai. Oili chafu sasa iko kwenye kidumu, chini ya paa. Mwenye kumjua anayeipokea kihalali Mwanza anielekeze, boti inaondoka Jumatatu.