Diski ya kamera haikubali kutolewa kwenye bakapu ya seva

mtunza_seva
Wakuu, habari za jioni. Natunza seva ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Industrial Area, Nairobi. Ni Windows Server yenye diski tatu: C ya mfumo, D ya ankara na hesabu, E ya kurekodi kamera kumi na sita. C na D zikijumlishwa hazifiki GB 300. E peke yake imebeba TB 3, na rekodi zake hujifuta kila baada ya wiki mbili.

Bakapu, yaani nakala ya akiba ya data zote, huanza saa mbili usiku kwenda diski ya nje ya USB. Makarani wakiingia saa mbili asubuhi, bado inasaga. Lori liko getini linangoja ankara, karani anabofya, skrini imeganda, dereva anapiga honi, naitwa mimi. Nikijaribu kuondoa tiki kwenye E, kisanduku ni cha kijivu, hakibonyezeki kabisa. Nifanyeje?

fundi_ngara
Pole kaka. Bila shaka ulichagua ile bakapu ya kuweza kurudisha seva nzima kwenye mashine tupu. Ukiichagua, Windows hubeba kwa lazima kila diski ambayo mfumo unaitegemea. Je, programu ya kamera ilisakinishwa wapi? Faili za huduma yake zikiwa E, basi E yote inahesabiwa kuwa ya mfumo, pamoja na rekodi zake.

Hakikisha hivi: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `diskshadow /l C:\orodha.txt`, kisha `list writers detailed`, kisha `exit`. Fungua faili hiyo, nenda chini ya System Writer, yaani orodha ya faili ambazo Windows inazihesabu za mfumo, utafute E:\.

mtunza_seva
Nimeiona! Waliotufungia kamera waliiweka programu E, kwenye folda isiyofika hata GB 1. Miezi yote hii!

fundi_ngara
Basi nakili mipangilio yake, iondoe, uisakinishe upya C. Rekodi ziache E palepale. Ukimaliza, ingia kwenye ratiba ya bakapu uitoe E kwa mkono, kwa sababu haitajitoa yenyewe. Bakapu ya kwanza ikiisha, andika `wbadmin get versions`, chukua namba ya toleo, uiulize `wbadmin get items` ndani yake mna nini.

dada_wa_roysambu
Kaka, kabla hujaitoa hiyo E naomba uifungue folda kwa folda. Nilipokuwa nikitunza seva ya shule moja, niliacha nje diski iliyoandikwa MUDA, nikiamini jina lake. Mhasibu alikuwa anahifadhi humo faili ya karo kwa sababu D ilikuwa imejaa. Diski ilipokufa tulikaa wiki mbili tukiingiza karo upya kutoka vitabu vya risiti, zile nakala za kaboni, nyingine zimefifia hadi unaziinamisha dirishani ndipo usome tarakimu. Wazazi waliokuwa wamelipa waliambiwa wana deni. Bado naumia nikikumbuka. Muulize kila anayetumia seva hiyo, hata mtu wa stoo.

Na kipande cha kamera kinachohusu wizi au ajali kikate mapema ukiweke D, kabla wiki mbili hazijaisha.

mtunza_seva
Dada, Mungu akubariki. Ndani ya E nimekuta folda ya mtu wa stoo: hati za kupokelea saruji na mabati alizoskani, zina sahihi za wateja, kuanzia Februari. Aliniambia aliona E ina nafasi kubwa. Hizo ni kumbukumbu za biashara, na kodi inataka zihifadhiwe miaka 5. Zote ziko D sasa, na skana nimeielekeza huko.

Programu nimeihamishia C, E nimeitoa kwenye ratiba. Jana bakapu ilianza saa mbili usiku, ikaisha saa tatu kasoro dakika tano. Leo asubuhi nimesimama kaunta nikiangalia ankara ya kwanza ikitoka.

fundi_ngara
Safi. Jumamosi jaribu kurudisha hati moja ya huyo mtu wa stoo, uone kama inafunguka.