Pori la mzee Kisarawe, tukate viwanja au tuliache?

Kitindamimba_wa_Pugu: Wakuu shikamooni. Marehemu baba katuachia eka 9 Kisarawe, 6 ni mikorosho ila 3 za bondeni ni pori, hajawahi kufyeka hata mti, kuna mikwaju mikubwa na kachemchemi hakakauki hata kiangazi. Madalali wanapiga simu kila siku na kaka zangu wanataka tuuze tugawane hela, mimi roho inaniuma ila wakiniuliza faida ya pori ni nini nashindwa kujibu. Baba aliliacha la nini?

Mama Tatu: Pole na msiba mwanangu. Mimi nimekulia Goba enzi hizo vichaka vitupu, maji tunachota bondeni. Ukoo wetu tukauza kipande kipande, hela ya kwanza ikanunua bati, iliyofuata sikumbuki hata ilikoenda, leo mvua ikinyesha tope linaingia mpaka sebuleni na wajukuu nikiwahadithia kile kisima wanadhani ni hadithi ya sungura. Baba yenu aliwaachia maji.

mpimaji_dsm: Mto Msimbazi unaanzia huko huko vilima vya Pugu ndo unashuka mpaka Jangwani, mjini Dar, sasa pori la juu likifyekwa maji hayazami tena, yanateremka yote kwa mpigo na mchanga wake, wa chini ndo tunahama. Halafu sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka kingo za mto, kwahiyo kabla hamjauza bondeni ulizeni kwanza. Ila kagueni na hati, nyingine zina sharti la kuendeleza ardhi. Sheria ya misitu ya 2002 inatambua misitu ya watu binafsi, muone afisa misitu wa wilaya.

Baba Wawili Tandika: Tusiwalaumu kaka zake jamani, ada za watoto hazisubiri. Kama shida ni hela uzeni eka moja ya mikorosho upande wa barabarani, bondeni wekeni mizinga ya nyuki, mkae kikao cha ukoo muandikishiane. Marekani mwenye shamba anaweza kusaini mkataba wa kudumu kwamba hapajengwi, shamba linabaki lake, hata akiuza katazo linamfuata mnunuzi.

Kitindamimba_wa_Pugu: Asanteni sana, nimesoma mpaka machozi. Kaka mkubwa mara ya mwisho kushuka bondeni alikuwa darasa la tano. Jumamosi naenda nao wote, tunabeba chakula, kikao tunakifanyia pale pale chemchemini.